Nauli ya Mpiga Ngoma

Mtu akiombwa apige ngoma bure kwa ajili ya amani, naye akaona haya kukataa, je, hapo amejitolea au ametolewa?

Swali hili ninalo tangu mwaka juzi. Sikulipata vitabuni, maana hicho kidato cha nne chenyewe nilimaliza kwa kubahatisha. Ninalo kwa sababu siku ile aliyeshika boksi la fedha nilikuwa mimi.

Washikaji wa hapa Iyunga waliandaa tamasha la ngoma za asili kuchangia kikundi kimoja cha kuhamasisha amani. Nia safi kabisa, sisemi uongo. Ukumbi ulikodiwa, si mbali na stesheni ya TAZARA. Kiingilio kilikuwa shilingi 2,000, na watu wakaingia 143. Tiketi nilizichana mwenyewe. Mwenye spika alilipwa kabla hajachomeka waya. Mwenye jenereta alilipwa kabla hajavuta kamba. Wazee wanne wa ngoma kutoka Tukuyu, ambao ndio waliotuinua vitini, waliambulia soda na makofi.

Saa tatu usiku, na magari ya Uyole yanakaribia kuisha, mmoja wao akanijia.

"Mwanangu, nauli yetu iko kwa nani?"

Nikamwelekeza kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akajibu kwa heshima zote: mzee, shughuli hii ni ya amani, hapa halipwi mtu. Boksi lilikuwa mapajani pangu, na ndani mna 286,000. Nikakaa kimya. Wazee walilala ukumbini, vichwa juu ya ngoma zao, na baridi ya huku mnaijua.

Halipwi mtu! Na wa jenereta je? Utasema jenereta linakunywa mafuta. Sawa, na mkono unakunywa nini? Nadhani ugonjwa wetu ni huu: ngoma ya asili tunaiita mali ya wote, halafu tunamfanya na mpigaji naye awe mali ya wote. Angekuwa ni kijana wa bongo fleva, tungemtumia nauli tangu juzi yake, tena ya kwenda na kurudi.

Wapo wanaotoa bure kweli. Tarehe 1 Agosti 1971, Ravi Shankar, mpiga sitar wa India, na George Harrison walifanya onyesho New York kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh. Wanamuziki walipiga bila malipo, na zikapatikana dola 243,418.50 zilizokwenda UNICEF. (Fedha za santuri zilikwama miaka mingi kwa mambo ya kodi. Kumbe hata wakubwa mahesabu huwashinda.) Lakini Harrison alikuwa na uwezo wa kusema hapana, na bado angelala kitandani kwake. Hapo ndipo zawadi inapokuwa zawadi.

Jirani zetu wa Goma nao walianzisha tamasha lao la Amani mwezi Februari 2014. Lilikuwa lifanyike 2013, vita vikaliahirisha. Kiingilio kiliwekwa dola moja, ili hata asiye na kitu aingie. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji huo, na najua wapo watakaosema: haya, muziki umesaidia nini? Mimi hilo silo ninalouliza. Sijawahi kudhani zeze linazuia risasi. Ninachouliza ni kile kilicho ndani ya uwezo wetu: mle ukumbini, kwa saa nne tu, baina ya mwenye boksi na mwenye ngoma, amani ilikuwapo?

Rafiki yangu mmoja, mshairi, ananicheka. Anasema: "Na wewe mbona unaandika bure?" Kweli, gazeti hili halinilipi hata senti. Lakini naandika nikiwa kwa mama, nimeshiba, na hakuna aliyenitoa kilomita sabini kuja kuandika. Hata hivyo neno lake limenichoma, kwa sababu ile riwaya yangu isipopata mchapaji nitaanza kuitafuta nauli yangu mwenyewe, na sijui nitamdai nani.

Mwezi wa tatu uliopita nilidunduliza 20,000, nikapanda Coaster hadi Tukuyu. Nilimkuta mzee yule akipalilia migomba. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanikumbuka. Nikamkabidhi zile noti kwa mikono miwili. Akazitazama kitambo.

"Hii ni yako, au ni ya ile amani yenu?"

Nikasema ni yangu, baba.

"Basi wewe hunidai, wala mimi sikudai."

Akanirudishia. Akamwita mjukuu wake anikatie mkungu wa ndizi, nami nikarudi nao hadi Iyunga, fedha zikiwa mfukoni.