Nasaha kwa Mtoto Mpeleka Magazeti

Mwanangu, gazeti lililochapwa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,000, likapita Mbeya na Tunduma, likapanda Ufipa hadi stendi ya Sumbawanga. Hatua za mwisho, kutoka kwa wakala hadi mkononi mwa msomaji, ni zako. Ukiziharibu, jasho la wote waliotangulia limepotea. Basi shika haya.

Kwanza, tanguliza salamu. Uko Ufipa, ambako mdogo hufunzwa kuchuchumaa na kupiga makofi taratibu mbele ya mkubwa. Piga hodi, ungoje. Hodi ya tatu isipoitikiwa, ondoka. Mwenye nyumba akitokea, mpe shikamoo, pokea marahaba, ndipo utaje gazeti. Mpe kwa mkono wa kulia, na akiwa mzee, kwa mikono miwili. Usilirushe uani kama mahindi ya kuku.

Pili, sema kweli kuhusu tarehe. Basi likikwama, gazeti la Jumatatu hufika Jumanne, na kosa hilo si lako. Huwa lako unapokunja ukurasa wa mbele kuficha tarehe. Sema: "Mzee, la leo halijafika, hili ni la jana." Anayetafuta tangazo la kazi atalinunua vilevile, na kesho atakuamini.

Tatu, tunza hesabu. Mwalimu akisema atalipa mwisho wa mwezi, na wakala ameridhia, andika jina, tarehe na gazeti mbele yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kudai, mdai akiwa peke yake, si mbele ya wageni wala wanafunzi wake. Chenji irudishe yote, hata ikiwa shilingi 50.

Nne, lihifadhi gazeti. Masika lifunike kwa turubai. Lisilouzwa hurudi kwa wakala likiwa safi. Likichakaa halina kazi ila kufungia maandazi, na hasara ni yako.

Tano, chunga ulimi. Mteja akifoka, msikilize amalize, umwombe radhi kama umekosa. Kama hukukosa, mweleze kwa upole na umpelekee wakala shauri. Ugomvi uliousikia mlango huu usiufikishe mlango wa pili. Lakini mtu akikuita ndani, kataa kwa adabu, ubaki barazani, na ukifika nyumbani mwambie mzazi. Hiyo si siri ya kutunza.

Nanyi wakubwa, adabu haimhusu mtoto peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Aliyefikisha umri huo aruhusiwe kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha shule, na asifanyishwe kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Baridi ya Juni na Julai katika nyanda hizi za juu mnaijua. Msimtume mtoto stendi gizani kungoja basi.

Mwitikieni salamu yake. Mlipeni siku mliyoahidi, kabla hajarudi kudai. Mtoto hujifunza uaminifu kwa watu wazima anaowahudumia, na anayemdhulumu leo bei ya gazeti moja amemfundisha dhuluma.