Usiufukie Ubao Chini ya Maranda

Wajukuu zangu mlioko kidato cha kwanza hadi cha nne, nawaandikia mimi seremala wa Tanga niliyepiga randa zaidi ya miaka arobaini. Vijana wengi wamepita karakanani kwangu. Wapo waliotoka hapa wakafungua karakana zao, na wapo walioondoka wiki ya pili, hata ujira wao hawakurudi kuudai. Nimewatazama wote, na neno nililonalo kwenu ni moja: jihadharini na aibu ya kutojua. Huanzia darasani, ikamfuata mtu mpaka kazini.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea kijana wa miaka 17 aliyeishia kidato cha pili. Mkono wake ulikuwa mzuri, msumeno ulimtii. Nilikuwa na mlango wa mninga wa mteja, na bei ya mninga mnaisikia. Nikamtajia kipimo cha ubao wa katikati: inchi 31 na sehemu tano za nane. Akaitikia, "Sawa, mzee." Jioni ubao siuoni. Nikamuuliza, akasema pengine mwenzake ameuchukua. Siku ya tatu, nikizoa maranda, nikaukuta umefukiwa chini ya rundo. Alikuwa ameukata ukapelea.

Ubao haukuniuma sana. Uliopelea mlango hufaa kwa stuli, seremala hatupi mbao. Kilichoniuma ni zile siku tatu. Mteja alikuja akaondoka mikono mitupu, na yule mwenzake aliyesingiziwa hakumwamini tena mpaka walipoachana. Hilo halina gundi.

Nikamkalisha yule aliyeukata. Namshukuru Mungu siku ile sikufoka, maana siku nyingine nimefoka na kwa kufoka kwangu nimewapoteza vijana wazuri. Nalijutia hilo. Kijana akaniambia ukweli: vile vistari vidogo vya kwenye futi hajui kuvisoma. Basi ilikuwaje, nikamuuliza, ilhali sehemu hufundishwa tangu shule ya msingi? Akanisimulia. Kule hakuzishika vizuri, akadhani sekondari atazishika. Alipofika kidato cha kwanza alisimamishwa asome kwa Kiingereza, akakwama, darasa zima likacheka. Kesho yake akahamia dawati la nyuma. Tangu hapo hakuuliza swali, si la Kiingereza wala la hesabu. Muhula uliofuata akaanza kuchelewa. Kisha akawa anaaga nyumbani na sare yake, anashinda pwani kwa wavuvi.

Tazameni hayo yalivyofuatana. Hakuna siku hata moja ambayo kijana yule aliamua kuacha shule. Alijificha kidogo, kisha akajificha zaidi, mpaka mwaka ukaisha naye hayupo.

Najua mzigo mnaoubeba. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu Januari moja anafungua kitabu cha baiolojia kwa Kiingereza. Anayenyamaza darasani si mjinga, na mimi naona mzigo huo tumewatwisha sisi wakubwa. Lakini ubishi wetu kuhusu lugha hautakwisha kesho, na kesho wewe una kipindi. Sema, "Mwalimu, hapo sijaelewa." Sema kwa lugha uliyonayo. Kama darasa linakutisha, mfuate mwalimu anapotoka. Na wewe unayemcheka mwenzako, ujue kwamba kicheko cha dakika moja kimewatoa shule watoto ambao njaa haikuwatoa.

Aibu ina ndugu yake, hasira. Wataalamu wa ubongo wanasema sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayotusaidia kujizuia na kupima matokeo, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mimi nimeliona hilo kwa macho. Kijana ukimwambia, "Rudia, kona haijakaa sawa," anasikia umemtukana mama yake. Anatupa patasi, anavaa viatu, anaondoka. Kwa hiyo karakanani kwangu nikaweka desturi: ukikosolewa na damu ikapanda, weka chombo chini, nenda kwenye mtungi ukanywe maji, urudi. Hakuna atakayekuuliza ulikwenda wapi. Desturi hiyo imeniokolea vijana wengi kuliko maneno yangu yote.

Nasikia pia wengine mnasema, "Nikishindwa masomo nitakwenda ufundi." Msiseme hivyo. Nilikuwa mtoto wa shule Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Tulishika jembe na kitabu, na kimoja hakikuwa jaa la walioshindwa kingine. Leo tuna VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na tangu mwaka 2024 mkondo wa amali umeanza katika baadhi ya sekondari. Ni mambo mema. Lakini ufundi hautakuficha. Hesabu itakukuta kwenye futi. Mteja atataka umpe bei na tarehe, na mbao zikichelewa itabidi umpigie simu umwambie mapema, huku sauti yako ikitetemeka. Fundi anayezima simu mteja anapopiga ni yule yule mwanafunzi aliyejificha dawati la nyuma.

Tangu Januari 2016 shule za serikali hazidai ada hadi kidato cha nne. Babu zenu tungelipata hilo tungelia kwa furaha. Ila kiti cha bure humpa mtu mahali pa kukaa tu. Kuuliza ni juu yake.

Nanyi mliokwisha kutoka, mlango haujafungwa. Novemba 2021 serikali iliwaruhusu waliokatiza masomo warudi, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito. Yupo anayeanza upya kwa mtihani wa maarifa, ule wa QT. Nendeni mkaulize ofisi ya elimu ya wilaya yenu.

Yule kijana nilimchorea inchi moja kwa chaki kwenye ubao mpana, ndefu kama mkono wangu. Tukaigawa nusu, robo, mpaka sehemu nane. Jioni tatu zilitosha. Jioni tatu tu, wajukuu zangu, kwa jambo alilolificha tangu shuleni, likataka kumpotezea kazi.

Jumatatu mkiingia darasani, yule ambaye kuna jambo limempita tangu muhula uliopita, anyooshe mkono.