Aibu ya Bidhaa ni Juu ya Nani?

Kijana mmoja wa darsa yetu, mwenyeji wa Msambweni, alinunua laptopu katika duka moja la Ukunda kwa akiba ya miezi mingi. Ilifanya kazi siku kumi na tisa. Kisha kioo kikaingia mistari ya rangi, kisha kikawa cheusi. Alipoirudisha alionyeshwa maneno yaliyopigwa chapa chini ya risiti, ya kuwa mali ikishauzwa hairudishwi. "Mimi sikuiunda," akasema mwenye duka, "mlaumu aliyeiunda."

Jawabu hili si geni. Mwezi wa Julai, mwaka 2008, kampuni ya Nvidia ya Marekani, iundayo chipu za kuchora picha kwenye kioo cha kompyuta, ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zake zilizokuwa zikifa ndani ya laptopu. Sababu yenyewe ilikuwa ndogo kwa umbo. Chipu hushikwa na kibao chake kwa vitone vidogo mno vya lehemu. Mashine ikiwashwa hupata moto ikatanuka, ikizimwa hupoa ikanywea, na lehemu iliyo dhaifu hupasuka polepole. Walakin kampuni ilisema pia ya kuwa namna laptopu zilivyoundwa kupoza joto, na namna watu wanavyozitumia, navyo vina sehemu yake. Kampuni ya Apple ikasema baadaye mwaka ule ule kwamba ilihakikishiwa na Nvidia kuwa mashine zake zi salama, ikachunguza yenyewe ikakuta baadhi yake si salama. Lawama ikawa yapita mkono kwa mkono kama sarafu mbovu. Kesi iliyofikishwa mahakamani California ikamalizwa mwaka 2010 kwa mapatano, kwamba wenye aina fulani za mashine za Dell, HP na Apple watengenezewe au wapewe badala. Lakini hayo yalikuwa ya walionunua Marekani. Aliyenunua Dubai au Mombasa hakuwamo.

Hatusemi ya kuwa laptopu ya kijana wetu ilikuwa ya kundi lile. Ugonjwa tu ndio mmoja, na udhuru ndio mmoja.

Sheria yetu hutenga mambo mawili ambayo mwenye duka aliyachanganya, nayo ni dhamana na dhambi. Aibu iliyokuwamo ndani ya mali kabla ya kukabidhiwa, dhamana yake ni juu ya muuzaji, ajue asijue. Mnunuzi ana khiyari ya kurudisha na kupewa fedha zake. Muuzaji naye amrudie aliyemuuzia yeye. Maskini wa Msambweni halazimiki kumtafuta mwunda chipu California. Ama dhambi, hiyo ni ya aliyejua akaficha. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vyake vikapata majimaji, na mwenyewe akatoa udhuru kwamba ni mvua. Angalieni, ndugu zetu: mvua haikuwa kosa la mtu yule, wala Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimlaumu kwa kuitia ile mbichi chini na kavu juu, watu wasione.

Na yale maneno ya risiti? Katika madhehebu ya Imamu Shafii, tuyafuatayo pwani hii, sharti la muuzaji kujivua na kila aibu halimfai kitu, illa katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Na laptopu si mnyama, ijapokuwa nayo yapata homa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 vile vile, katika kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kulipwa khasara iliyotokana na kasoro ya bidhaa. Kadhi hawezi kulihukumu shauri hili, kwani katiba hiyo hiyo imemwekea mipaka ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Mlango wa biashara twausoma darsani, kisha twaufunga pamoja na kitabu.

Basi tulimpelekea fundi mashine ile. Akaifungua akatuonyesha alama za moto kando ya chipu: iliwahi kupashwa kwa hewa ya moto ili lehemu ishikane tena. Matengenezo ya namna hiyo huifufua mashine kwa siku au wiki kadhaa, kisha hufa. Kuipasha si haramu. Kuiuza baada ya hapo bila ya kusema, hiyo ndiyo nafaka mbichi iliyo chini ya kavu.

Tulikwenda kwa mwenye duka watu wanne, tukamwomba aape kwamba hakujua. Alinyamaza kitambo, kisha akahesabu fedha akamrudishia kijana zote. Tulimshukuru, na tungalikoma hapo.

Jumatatu iliyofuata ile laptopu ilikuwa mezani pake tena, yawaka vizuri. Na wanazuoni wa Kishafii wamesema ya kuwa hata asiyekuwa muuzaji, akiijua aibu, yampasa kumwambia mnunuzi. Wawili katika sisi wakarudi kumwomba abandike karatasi juu yake yenye kueleza hali yake, auze kwa bei iipasayo. Akawauliza, ninyi yawahusu nini, na mwenzenu amekwisha pata haki yake? Wakamjibu ya kuwa sasa tumekwisha ijua.