Simu ya Kwanza ya Mdogo Wako

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, likizo inakaribia. Wapo watakaobaki hapa Gitega, wengine tutarudi Muyinga, wengine Buyenzi. Ndani ya mabegi ya wengi wetu imo simu ya zamani ambayo mdogo wetu anaisubiri kwa hamu. Mama atasema, "Wewe ndiye unayezijua hizi, mwelekeze mwenzio." Kwa neno hilo ametukabidhi malezi. Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Basi masharti yasemwe siku ile ile ya kumpa simu, mbele ya wazazi.

Kwanza, wakati. Surat An-Nur, aya ya 58, inataka hata watoto wasiobaleghe waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya swala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika, na baada ya swala ya isha. Aya inazungumzia kuingia vyumbani, lakini mimi naona somo: mtoto naye huwekewa mipaka ya saa. Baada ya isha simu ilale kwa wazazi, isiguswe mpaka alfajiri imeswaliwa.

Pili, amana. Akitumwa kutoa pesa za Lumicash, namba ya siri haambiwi rafiki, wala mpigaji anayejidai ni mtu wa kampuni.

Tatu, habari. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru kuhakikisha kabla ya kuamini. Wazee wetu walioiona 1993 wanajua uvumi na hofu vinaweza kuleta nini katika nchi hii. Asichokihakiki, asikisambaze.

Nne, na ndilo kubwa: asifiche. Mtoto akiona uchafu, au mtu asiyemjua akimwomba picha, atanyamaza kwa kuogopa fimbo na kunyang'anywa simu. Ukimya huo ndio mtaji wa waovu. Imamu Ahmad amepokea kwa Abu Umama kwamba kijana mmoja alimwomba Mtume (S.A.W.) ruhusa ya kuzini. Watu wakamkaripia, Mtume akamsogeza karibu, akamuuliza kama angeliridhia jambo hilo kwa mama yake, binti yake na dada yake, kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Nasi tumwahidi mdogo wetu: ukija kusema, hupigwi. Na tutimize.

Wapo wanaosema dawa ni kumnyima kabisa. Kwa mtoto mdogo, sawa. Lakini aliyekwisha kukua ataishika ya mwenzake, bila sharti lolote.

Ndugu zangu, Surat As-Saff inawakemea wanaosema wasiyoyatenda. Tukimwambia alale nasi tukabaki na TikTok mpaka usiku wa manane, atafuata macho yake, si masikio yake. Basi usiku wa kwanza wa likizo, simu yako ndiyo itangulie kupelekwa kwa mama.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie wadogo zetu, macho yao na nyoyo zao, na utujaalie kuwa mfano mwema kwao. Amin.