Panga Nyuma ya Mlango

Mtaani kwetu wezi wamezidi. Jirani yangu anahangaikia kibali anunue bastola. "Ukivamiwa usiku utamwita nani, bwana?" huniuliza, na swali lake si la kijinga. Asiye na haki ya kujilinda, uhai wake kaachiwa bahati.

Hunitolea mfano wa Marekani. Kweli, haki ya kumiliki silaha imo katika Katiba yao tangu 1791, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilisema mtu anaruhusiwa kuweka bastola nyumbani ajilinde. Lakini mwaka 2021 bunduki ziliua huko watu zaidi ya 48,000, na zaidi ya nusu yao hawakuuawa na jambazi. Walijiua wenyewe. Silaha aliyonunuliwa mwizi humsubiri mwenye nyumba siku roho yake ikichoka.

Mimi nina panga nyuma ya mlango. Usiku mmoja kitasa kilitikisika. Nikalishika, nikasogea, mkono juu. Kumbe ni mdogo wangu, amelewa, ufunguo umemshinda! Panga lilinilazimisha nimkaribie mpaka nikamwona uso. Bastola ningeifyatua nikiwa kitandani.

Je, angekuwa jambazi kweli, mwenye bunduki? Pengine nisingeandika haya, na jirani angekuwa ameshinda hoja. Hilo linaniuma. Hata hivyo sheria yetu ya silaha ya 2015, yenye kudai kibali, yeye anaiita usumbufu. Mimi nakumbuka zile hatua chache za kwenda mlangoni.