Valse ya marehemu: nani ana ruhusa ya kuigeuza?

Katika vitabu kama hiki tunasema mara nyingi « desturi yetu », sawa vile kila mtu anajua ni kitu gani. Mimi pia nilisema neno hilo siku moja, mbele ya watu, ku kilio. Mpaka leo linanisumbua.

Marehemu alikuwa mzee wa mtaa wetu hapa Lubumbashi, mpiga tarumbeta tangu ujana wake. Alipenda valse moja ya zamani, ile ya kuhesabu moja-mbili-tatu, na familia iliomba apelekwe nayo makaburini. Fanfare ilikuwa ya wanafunzi wake: tarumbeta mbili, tromboni, saksofoni, ngoma kubwa. Walianza vizuri. Katikati ya njia kijana wa saksofoni akaiacha valse. Akavuta sauti moja ndefu, akaipasua, akaingia katika noti ambazo hakuna aliyezijua, na ngoma ikabaki peke yake ikihesabu tatu. Wamama wengine walifikiri chombo kimeharibika. Nikatoka ku mstari, nikamshika mkono:

– Mutoto, acha! Huku ni ku kilio, haiko ku baa. Hivi havifanyikake. Njo desturi ya bankambo.

Akashusha saksofoni. Valse ikaendelea bila yeye.

Sasa ninajiuliza: bankambo gani? Valse ilitoka kwa wakulima wa Austria na Ujerumani, ikaingia mijini mwishoni mwa karne ya 18, na yenyewe ilipokelewa vibaya, kwa sababu mwanaume na mwanamke walishikana kifua kwa kifua. Mwaka 1816 gazeti la The Times la London liliandika kwamba dansi hiyo ni ya aibu. Kumbe kile nilichokitetea kwa jina la heshima, wazee wa kwao walikiita uchafu!

Na tarumbeta je? Kwetu ilikuja pamoja na askari, kwa kuamsha watu na kuwapanga mistari. Lakini watu hawakuiacha mikononi mwa wakubwa. Kwenye pwani, Mombasa na Lamu, mwishoni mwa karne ya 19 ilizaliwa ngoma ya mbeni, jina lililotoka katika neno la Kiingereza la kikundi cha wapigaji. Baada ya vita ya 1914-1918 ilisafiri na askari na wapagazi mpaka miji ya migodi, hata huku Katanga. Wachezaji walijipa vyeo vya kingi, gavana, daktari, wakatembea kama wazungu, nusu kwa kusifu, nusu kwa kucheka. Hakuna aliyewapa ruhusa.

Tena kuna jambo la kuchekesha kidogo. Valse si ya kutembea. Miguu ni miwili, mapigo ni matatu. Anayebeba sanduku akiifuata sawasawa, atajikwaa. Ili iweze kupigwa barabarani, marehemu mwenyewe aliivuta pole pole, akaweka pumzi mahali ambapo haikuwa nayo. Yaani ile valse « ya zamani » niliyoitetea ilikuwa imekwisha kugeuzwa, na mwenye kuigeuza alikuwa ndani ya sanduku.

Kuhusu jazi, tusiseme ni jambo la mbali. Louis Armstrong, aliyejifunza tarumbeta katika nyumba ya kurekebisha watoto huko New Orleans, alifika hapa hapa, wakati mji ukiitwa Elisabethville, mwezi wa Novemba 1960. Katika mji wake, fanfare humpeleka maiti kwa nyimbo nzito za polepole. Wakati wa kurudi, baada ya kumwachia marehemu njia yake, hupiga za furaha, na watu wa barabara hucheza nyuma. Mwaka 1977 vijana wa Dirty Dozen Brass Band walianza kuingiza jazi mpya katika muziki huo wa barabara. Wazee wengine walinung'unika kwamba wameharibu desturi. Leo vikundi vingi vya mji ule hupiga kwa kuwafuata wao.

Je, basi kila mtu afanye anavyotaka? Hapana, sikubali. Mwenye huzuni anahitaji kitu anachokijua ili aegemee. Familia ilikuwa imeomba valse, na kijana alikuwa ameitika. Angengoja wakati wa kurudi, nani angemkataza? Kwa hilo bado ninaona alikosa.

Lakini mimi sikumwambia hilo. Nilikuwa na maneno mawili ya kweli: « familia iliomba » na « mimi ninaumia ». Kwa maneno hayo angeweza kunijibu. Labda angesema, baba, na mimi ninaumia, njo kulia kwangu huku. Badala yake nilileta bankambo. Mutoto wa miaka 20 atajibu nini bankambo? Nilichukua sauti isiyokuwa yangu, nikaiweka juu ya uchungu wangu, nikamfunga mdomo mtu ambaye marehemu alimfundisha kupumua ndani ya chombo kile.

Hakurudi tena katika fanfare. Ninakutana naye mara kwa mara njiani. Ananisalimia kwa mikono miwili, « jambo baba », ananiuliza hali ya watoto. Habari ya muziki hatuigusi. Mara mbili nimefungua kinywa nianze, halafu nikamuuliza habari ya mama yake.