Dhamana ya Gari Lililogeuzwa: Ni Juu ya Nani Kuthibitisha?

Liko swali ambalo kwa juu juu ni la mafundi wa gereji, lakini kwa ndani ni swali la haki baina ya watu wawili waliopatana. Mtu amenunua gari jipya lenye dhamana ya kiwanda, kwamba likiharibika katika muda uliotajwa litatengenezwa bure. Baada ya miezi michache akaondoa springi zake akatia fupi zaidi, au akabadili programu ya kompyuta ya injini ili gari lizidi nguvu. Kisha gari likaharibika. Je, ana haki ya kudai? Na wakala je, ana haki ya kumkatalia?

Wako wasemao kwamba aliyegusa kimoja amevunja ahadi yote. Twaona kauli hii haina nguvu. Springi fupi haziwezi kuinyamazisha redio, na wakala anayekataa kuitengeneza redio kwa ajili ya springi amejificha nyuma ya jambo lisilohusika. Yampasa aulize kama kile kilichogeuzwa ndicho kilichovunja.

Wamarekani wameliandika jambo hili katika sheria yao ya mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss. Sheria hiyo haimwachii mtoa dhamana kumshurutisha mnunuzi atumie vipuri au mafundi wa jina fulani, illa awe anampa bure au amepewa ruhusa makhsusi. Lakini mtoa dhamana aweza kukataa khasara ambayo ataonyesha kwamba imeletwa na kipuri cha kigeni. Mwaka 2018 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliyaandikia makampuni 6 kuyaonya juu ya masharti ya namna hiyo, na mwaka 2022 ikaichukulia hatua Harley-Davidson, watengenezaji wa pikipiki, hata wakalazimika kuyaondoa. Huko wapo wenye magari ambao hulitaja jina la sheria hii kama hirizi, kana kwamba imesamehe kila mageuzi. Haikusema hivyo, yataka sababu ithibitishwe, basi.

Tabu khasa imo katika programu ya injini. Katika gari lenye tabo, yaani mashine ya kusukumia hewa ndani ya injini, programu mpya huiamrisha tabo isukume hewa nyingi kuliko alivyokadiria mtengenezaji, na mafuta nayo yakazidi. Nguvu huongezeka, na klachi na giaboksi zilizopimwa kwa nguvu ya kwanza huubeba mzigo huo mpya kila siku. Giaboksi la gari kama hilo likivunjika, mwenyewe asiwe mwepesi wa kulaumu kiwanda.

Sasa wako watu ambao kabla ya kwenda kwa wakala huirudisha programu ya asili, kisha wakanyamaza. Hii sisi twaiita khiyana, wala hatumung'unyi maneno. Hujitetea kwa kusema kwamba wakala naye hutafuta kila njia ya kukwepa. Huenda ikawa hivyo; lakini mtu anayetaka ahukumiwe kwa sababu ya uharibifu, naye ameifuta athari ya sababu hiyo, amemnyima fundi uwezo wa kutoa hukumu yoyote ya haki. Tena aghlabu haimfai kitu. Kompyuta nyingi za magari ya leo huhesabu ni mara ngapi zimeandikwa upya, na katika magari ya Volkswagen na Audi wakala akigundua mageuzi huweza kutiwa alama iitwayo TD1 katika kumbukumbu za gari, ikaonekana na mawakala wengine.

Basi ni juu ya nani kuthibitisha? Mwenye gari anayo khabari. Wakala anavyo vyombo. Kwa hivyo juu ya yule ni kusema alichofanya, na juu ya huyu ni kuchunguza na kuonyesha namna jambo hilo lilivyoleta uharibifu. Ile alama ni khabari tu, si ushahidi wa sababu, na wakala anayeisoma kisha akafunga daftari hakuchunguza lo lote.

Hapa pana uzito ambao haifai kuuruka. Msema kweli huenda akakataliwa hata dai la haki, na mficha mambo akalipwa. Je, bado ampasa kusema? Twaona yampasa, kwani kila anayeficha huwazidishia mawakala shaka, na shaka hiyo huwaangukia waliosema. Lakini wakala anayemwadhibu mtu kwa ukweli wake, ujue yeye ndiye anayewafundisha wengine kuficha, na sehemu ya lawama ni yake.

Na khasara haiwaishii hao wawili. Kwetu Kenya wengi hununua magari yaliyokwisha kutumika Japani, na dhamana ya kiwanda kwa kawaida haisafiri nayo; mnunuzi hubaki na kauli ya muuzaji peke yake. Hata pale dhamana inapobaki, mnunuzi wa pili huenda akakataliwa kwa programu iliyotiwa na kuondolewa na mtu asiyemjua. Anayenunua gari la namna hiyo, kabla ya kutoa fedha, na amtake wakala aisome kompyuta na kumbukumbu zake, na muuzaji amwandikie kwa mkono wake yote aliyoyageuza.